Kipengele cha mahakama (kinachosema kesi itasikilizwa mahakama ipi) kwenye mkataba wa pande zilizo nchi mbili tofauti, kisome hivi kabla hujakimbilia kufungua kesi

Mgogoro ukishawaka watu wanakimbilia ukurasa wa mwisho wa mkataba, wanaona "mkataba huu utaongozwa na sheria za Uingereza", basi wanajua kesi ni London. Hapana jamani. Hapo umeambiwa sheria itakayotumika tu, mahakama ya kusikiliza kesi ni habari nyingine, na jaji wa nchi nyingine kabisa anaweza kuamua kwa sheria ya Uingereza akiletewa wataalamu wa kumweleza inasemaje. Tenganisha hivyo viwili kwanza. Ukikuta na neno usuluhishi (arbitration, yaani mgogoro unaamuliwa na waamuzi binafsi badala ya mahakama) hapo mchezo umebadilika, maana nchi zilizo kwenye Mkataba wa New York wa 1958 mahakama zake zinatakiwa ziwarudishe kwa wasuluhishi upande mmoja ukiomba.

Sasa tafuta neno "pekee". Kama limeandikwa "mahakama za nchi fulani pekee" mambo ni meupe. Shida inakuja pale kipengele kinaposema tu pande zote zinakubali mamlaka ya mahakama hizo, kimya, na jibu hapo linategemea umesimama wapi: Mkataba wa Hague wa 2005, ule wa kimataifa kuhusu makubaliano ya kuchagua mahakama, unachukulia mahakama mliyoitaja ndiyo pekee labda kama mmeandika vinginevyo, Umoja wa Ulaya nao hivyo hivyo kwenye kifungu cha 25 cha kanuni yao namba 1215/2012, lakini mahakama za Marekani kwa kawaida zinataka maneno ya lazima kabisa, bila hayo wanaona mmeruhusiana tu kwenda huko. Ndo maana maneno yale yale yanakupa majibu mawili.

Halafu upana wake. "Inayotokana na mkataba huu" na "inayotokana au kuhusiana na mkataba huu", watu wamelipana mamilioni kubishania tofauti hiyo. Kwenye kesi ya Fiona Trust ya 2007 majaji wa House of Lords (wakati huo mahakama ya juu kabisa Uingereza) walichoka na ubishi huo, wakasema wafanyabiashara wenye akili zao hawakutaka mgogoro mmoja ugawanywe sehemu mbili, kwa hiyo kipengele kisomwe kwa upana. Ile ilikuwa ya usuluhishi ila hoja inatumika na kwenye vipengele vya mahakama. Na kusema mkataba ulipatikana kwa rushwa hakukiui kipengele, kinasimama chenyewe, lazima ukishambulie chenyewe.

Kukikwepa? Inawezekana ila ngumu. Kesi ya Bremen, Marekani 1972: mtambo wa kuchimba mafuta ulikuwa unavutwa kutoka Louisiana kwenda Italia, dhoruba ikaupiga Ghuba ya Mexico, ukapelekwa Tampa, wenye mtambo wakafungua kesi hapo hapo Tampa wakati mkataba ulisema London. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kipengele kinaheshimiwa mpaka anayekipinga aonyeshe waziwazi kwamba kukifuata si haki. Kwamba London ni mbali na gharama ni kubwa, hayo uliyajua wakati unasaini.

Umeshtakiwa kwenye mahakama ambayo siyo? Usijibu madai yenyewe kwanza. Weka pingamizi la mamlaka mapema, ndani ya muda wa mahakama ile, maana sehemu nyingi ukishaanza kujitetea kwenye kiini cha kesi unahesabika umekubali kushtakiwa hapo, na kipengele chako kizuri kinakuwa karatasi tu.