Namna ya kuielewa seli B (chembe nyeupe ya damu inayotengeneza kingamwili) inavyounga jeni za kingamwili, kwa manila na dadu tu

Wengi hii mada inawashinda kwa sababu wanakariri majina ya vimeng'enya. We achana nayo kwanza, cha kujua ni lini mkasi (vimeng'enya vinavyokata DNA) unafunguliwa na lini unafungwa. Kata vipande vya manila vya V, D na J (vipande vya jeni vinavyoungwa kuwa jeni ya mnyororo mzito, ile protini kubwa ya kingamwili) rangi tatu (binadamu ana V zinazofanya kazi kama 40, D 23, J 6, ila vitano vitano vinatosha), tengeneza seti mbili maana kuna kromosomu 14 ya baba na ya mama.

Andika namba kwenye ncha (ni urefu, kwa herufi za DNA, wa nafasi iliyo ndani ya alama ya kukatia): V 23, J 23, D 12 pande zote mbili. Mkasi, yaani RAG1 na RAG2, unakata pale tu 12 inapokutana na 23, sasa jaribu kuunga V na J moja kwa moja uone, zinagoma, lazima D ikae katikati. Mi hapo ndo nilielewa.

Anza na D na J kwenye kromosomu zote mbili, kisha V kwenye moja. Pale kwenye kiungo herufi za DNA zinapotea na zingine zinaongezwa hovyohovyo, na kwa vile zinasomwa tatu tatu, mara nyingi usomaji unaharibika. Rusha dadu: 1 au 2 imekubali, zaidi ya hapo hamia kromosomu ya pili, ikigoma na hiyo seli inakufa.

Ikikubali WEKA MKASI CHINI. Mnyororo mzito unapanda juu ya seli pamoja na mnyororo mwepesi wa kukaimu (unashika nafasi ya mwepesi halisi ambao bado haujaundwa), ishara inapita, RAG inazimwa, kromosomu ya pili inafungwa, seli inagawanyika mara kadhaa. Tena RAG2 inavunjwa kila seli ikianza kunakili DNA, maana kukatakata eneo hili si mchezo: ile saratani aliyoielezea daktari Denis Burkitt akiwa Uganda 1958, mara nyingi ni MYC (jeni inayosukuma seli kugawanyika) ya kromosomu 8 imeenda kugandia jirani na jeni hizi hizi.

Seli ikitulia rudisha mkasi kwa mnyororo mwepesi (protini ndogo inayoungana na mzito), huku hakuna D. Upo wa aina mbili: kapa ya kromosomu 2 kwanza (V 12, J 23), ikigoma lamda ya 22. Ikitoka kingamwili inayoshambulia mwili wenyewe, seli inaweza kurudi kuchagua V nyingine ya mwepesi.

Cheza seli kumi. Tano au sita hivi zinatakiwa kuvuka mnyororo mzito, zangu jana zilivuka tatu tu.