Kufundisha urubani ukiwa na kisukari: usianze kwa kuomba cheti

Nina miaka 59, naishi Ohio, na tangu 2016 najidunga insulini. Nafundisha watu kurusha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja. Nawaandikia wenzangu mlio huku Marekani mnaodhani ugonjwa umewafungia mlango.

Kabla ya kuomba cheti cha afya cha rubani, jiulize: uliwahi kuwa nacho baada ya tarehe 14 Julai 2006? Mimi nilikipata 2009, kabla sijaugua. Kama ulikuwa nacho, hakikufutwa, na ombi lako la mwisho halikukataliwa, pitia mpango wa BasicMed, unaokuruhusu kuruka bila cheti hicho: leseni ya udereva, daktari yeyote mwenye leseni ya jimbo akupime kila miezi 48, na somo la mtandaoni kila miezi 24. Baadhi ya magonjwa ya moyo, neva na akili yanadai kwanza kibali maalumu, mara moja. Kisukari hakidai.

Ukiomba kwa pupa ukanyimwa, njia hiyo inafungwa. Mimi fomu nilishaijaza na miadi nimeweka. Mke wangu ndiye aliyenishika mkono, akasema kamwone daktari wa marubani kwa ushauri tu. Namshukuru mpaka leo.

Yanayobaki ni jasho: leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa kawaida inataka saa 250 angani, kisha mitihani ya ukufunzi. Ukiwa na cheti cha ualimu cha jimbo cha kufundisha darasa la 7 kwenda juu, mtihani wa misingi ya ufundishaji unasamehewa. BasicMed inatosha hata ukilipwa, maana unalipwa kwa kufundisha, si kwa kurusha ndege.

Kiti cha kulia, anapokaa mkufunzi, kilinisumbua kuliko karatasi zote. Wiki mbili nilitua ndege ikiwa imepinda, kwa sababu nililenga njia ya kurukia kwa katikati ya boneti. Nikachora nukta ya kalamu ya kufutika kwenye kioo, mbele ya macho yangu, nikailenga hiyo. Ndege ikanyooka.

Siku BasicMed ikikushinda, bado unaweza kufundisha darasani, au kuruka na mwenye leseni kamili mradi yeye ndiye kamanda wa safari. Ila akivaa kofia ya kumziba asione nje, ajizoeze kuruka kwa kutazama vyombo tu, wewe ndiye macho yake, na hapo masharti ya afya yanarudi.

Mimi sukari ikiwa chini ya 100 (mg/dL) siondoki ardhini. Nakula, nasubiri, napima tena. Na kila mwanafunzi, kabla hajafunga mkanda, namwonyesha mfuko wa mlangoni zilipo juisi zangu mbili.