Namna ya kutambua mwelekeo wa kisiasa katika habari za Uganda

Kabla ya kusoma habari yenyewe, jua mwenye chombo. Katika Vision Group, kampuni inayochapisha New Vision na gazeti la Kiluganda la Bukedde, serikali inamiliki zaidi ya nusu ya hisa. Daily Monitor, lililoanza mwaka 1992, liko chini ya Nation Media Group yenye makao yake Nairobi, na redio ya CBS ni sauti ya ufalme wa Buganda. Serikali iliifunga Septemba 2009, ikarudi hewani Oktoba 2010. Umiliki hauthibitishi kwamba habari ni ya uongo, kwani hata New Vision huandika juu ya ufisadi serikalini, lakini hukudokezea ni wapi kalamu ya mhariri itakuwa nzito.

Kisha weka magazeti mawili ya siku moja mezani, uchague tukio moja, na utafute mtenda katika kila sentensi. Kauli ya kutendwa ni maficho mazuri sana. Gazeti likiandika kwamba "vurugu zilizuka na vijana wawili wakajeruhiwa", huku jingine likiandika kwamba "askari waliwafyatulia vijana risasi", yote mawili yanaweza kuwa yamesema kweli, ila la kwanza limemwondoa aliyeshika bunduki. Pigia mstari pia jina la mtu wa kwanza kunukuliwa, halafu hesabu ni aya ngapi zinapita kabla upande wa pili haujapewa nafasi. Mimi huanzia hapo, kwa kuwa kichwa cha habari huweza kusawazishwa upesi, lakini mpangilio wa aya haufichiki kwa urahisi.

Kwa redio za wilayani, ambazo baadhi yake ni mali ya wanasiasa wenyewe, swali moja linatosha: je, mpinzani wa mwenye redio huuziwa muda wa kipindi wakati wa kampeni?

Mitandaoni kazi ni ngumu zaidi. Mnamo Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, Facebook iliondoa akaunti ilizodai kuwa zina uhusiano na kituo kimoja cha Wizara ya TEHAMA; serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook, na intaneti yote ikazimwa kuanzia tarehe 13 hadi 18. Kwa kuwa Facebook iliendelea kufungwa hata baada ya hapo, wanaozungumza humo ni wenye VPN (programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao) na Waganda walioko ng'ambo, basi usiyachukulie maoni yao kuwa ya nchi nzima.

Ujumbe ukikutia shaka, nakili sentensi yake moja uitafute kwa alama za kunukuu, kisha utazame tarehe ya kufunguliwa kwa kila akaunti iliyoirudia. Ukikuta maneno yaleyale, pamoja na kosa lilelile la tahajia, katika akaunti tano zilizofunguliwa mwezi mmoja, yaelekea unasoma kazi ya mtu mmoja, si maoni ya watu watano.