Unachora hina na hujui kama wewe ni msanii? Jaribu hivi

Wadogo zangu wanaochora hina huku mjini wananiuliza sana, eti dada mimi msanii au nnakopi tu, na mkono ukiwa mzuri si ndo basi? Haya, nnaandika mara moja.

Tuanze na mkono, maana kuna watu wanasema ufundi si kitu ukiwa na hisia inatosha. Hao hawajapaka hina. Unga wa hina usipochekechwa vizuri koni unayochorea inakwama katikati ya ua, ukikata tundu kubwa mstari unavimba kama mnyoo, na ukikoroga na ndimu ukapaka papo hapo bila kuiacha ikae masaa kadhaa rangi inabaki hafifu na mama yake biharusi hatokwambia kitu ila hakuiti tena. (Ikitoka ya chungwa siku ya kwanza usibabaike, inakolea kesho yake.) Basi tandika nailoni juu ya sinia, chora mistari, majani, nukta, futa, chora tena, kila usiku, mpaka ufike pahala unapiga soga na mtu huku mkono unakwenda wenyewe. Na piko la kuchanganya na dawa ya nywele achana nalo kabisa, linababua watu ngozi.

Sasa mkono umekaa, swali bado liko pale pale. Pita mitaa ya Gizenga au Hurumzi hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, uangalie picha za rangi za mtindo wa tingatinga, duka hili na lile simba yule yule na mbuyu ule ule, na waliochora wana mikono mizuri wallahi. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwenye mtindo huo, alianza kuchora Dar es Salaam 1968, rangi za baiskeli juu ya ubao rahisi, skuli ya uchoraji hakusoma, na 1972 akafariki. Wapo wengi sasa hivi waliomzidi usafi wa mstari. Ila kuamua mnyama ajae ubao mzima vile, aliamua yeye, wengine wamekuta kishaamua.

Kwa hiyo fanya hivi: weka simu mbali. Shika mkono wa mtu uuangalie kwanza kabla hujagusa koni. Vidole vifupi? Shusha tawi moja kutoka kidole cha kati likate mkono kwa upande hadi kwenye kifundo, kisha pembeni pote paache patupu, utaona mkono umerefuka. Hapo kwenye kuacha patupu ndo wengi wanashindwa, wanaona kama kastama ataona kapunjwa, wanajaza jaza mpaka ua halionekani. Mie nikitaka kumjua mtu nnaangalia alichokiacha, sio alichokichora.

Halafu jiulize kwanini jani hili liko hapa. Ukijibu "ndo lilivyokuwa kwenye picha" bado unakopi, na si dhambi, sote tunaanzia huko. Ukiwa na jibu lako, hata la kijinga, ushaanza.

Ukikosa cha kuchora usikimbilie dizaini za Kihindi, zimejaa. Simama mbele ya mlango wowote wa Mji Mkongwe, kuna minyororo, samaki, mitende, maua ya kila aina, chukua kipande kimoja tu ukipunguze kienee kwenye kidole. Wa Pemba ndo usiseme, kichala cha karafuu na vikonyo vyake kinakaa juu ya kiganja utadhani kiliumbiwa hapo, na kofia za viua wanazoshona kina mama zina mafumbo ya kutosha kukuweka mwaka mzima.

Mtu ataniambia mbona Bi Kidude, yule muimbaji wa taarabu, sauti ilikuwa ya mkwaruzo na 2005 akapewa tunzo ya muziki ya WOMEX. Ndio, lakini msikilize anavyoingia kwenye ngoma, hachelewi na hawahi. Ufundi alikuwa nao tele, ila sio ule wa sauti laini.

Kastama akija na picha yake usigombane nae, mkono mmoja mchoree alichotaka, wa pili muombe akuachie wewe. Akikataa basi, harusi ni yake. Na dizaini zako mwenyewe zipandishe bei kidogo, za kukopi ziache bei ile ile, watu wenyewe watachagua.