IST ya zamani inasumbua? Kabla hujanunua spea, waulize wenye IST wenzio "ulipimaje?"

Wakuu, hii naandika kwa wenye Toyota IST zile za kwanza, za 2002 mpaka 2007, ila kama una Funcargo, bB au Probox ya miaka hiyo nawe kaa hapa, sababu ukifungua boneti ni ukoo mmoja, ama utakuta injini ya 2NZ-FE ya cc 1300 ama 1NZ-FE ya cc 1500. Maana yake shida yoyote uliyonayo leo kuna mtu hapo mtaani kwenu, ofisini au kanisani alishaipata na akaimaliza. Msaada upo mwingi sana. Shida ni namna tunavyouliza.

Mtu anauliza "jamani IST yangu inamisi nifanyeje", yaani inatetemeka sababu silinda mojawapo haifanyi kazi, anajibiwa badili plagi, mwingine badili koili (inayoipa plagi umeme), mwingine osha nozo (zinazopulizia mafuta), mwingine pampu ya mafuta hiyo, wa mwisho anamwambia uza. Na wote wanasema kweli, kila mmoja anataja kilichoponya gari YAKE. Ukifuata ushauri wote utanunua nusu ya duka la spea na gari bado inatetemeka. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nilibadili koili ikapona", usikimbilie dukani, muulize alijuaje kuwa ni koili, alipima nini. Kama alipima atakueleza na wewe utapima hivyo hivyo. Kama alibahatisha utajua tu, ataanza kukwambia fundi wake ni mzuri sana.

Nawe unayeuliza toa maelezo ya kueleweka. Kwanza namba ya chesisi, iko kwenye kile kibati ndani ya boneti: NCP60 ni ya cc 1300, NCP61 ni cc 1500, NCP65 ni cc 1500 inayovuta miguu yote minne, na hii ya mwisho huku nyuma iko tofauti kabisa kwa hiyo ushauri wa mwenye NCP60 kuhusu huko nyuma usiuchukue mzima mzima. Pili, shida inatokea lini? Asubuhi injini ya baridi au ikishapata moto, ukiwasha AC, ukipanda mlima, ukiwa sailensi, yaani injini inaunguruma hujakanyaga mafuta, kwenye foleni? Tatu, na hili watu wanalificha sana, ni kitu gani kilishikwa mwisho kabla shida haijaanza. Gari iliyoanza kumisi jioni ya siku ilipooshwa injini kwa mashine ya presha haina fumbo lolote, maji yameingia kwenye soketi. Mwisho rekodi video fupi, washa gari asubuhi ikiwa ya baridi na simu uishike karibu na injini, muziki zima. Mtu aliyeendesha gari ya aina hiyo miaka mingi akisikia mlio tu anaweza kukupunguzia nusu ya kazi.

Sasa taa ya cheki injini. Vile vidude vya bluetooth vya kusomea kodi, yaani namba za makosa, ni vizuri, ila hizi gari zililetwa kutoka soko la Japani na baadhi zinakataa kuongea na kidude cha bei poa, unakuta soketi inaingia vizuri lakini simu inazunguka tu. Usitupe kidude, na usiamini anayekwambia kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, imekufa. Kuna njia ya zamani ya Toyota haihitaji mashine. Pale chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya tundu 16, itazame ule upande mpana ukiwa juu, safu ya juu hesabu kutoka kushoto mpaka tundu la 4, safu ya chini inaanza na 9 kwa hiyo tundu la 13 ni la tano kutoka kushoto. Gari ikiwa imezimwa kabisa unganisha la 4 na la 13 kwa kawaya kadogo, halafu washa swichi bila kupiga stata. Taa zitaanza kupepesa, cheki injini na hata ABS na eabegi, usishtuke. Cheki injini ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja haina kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara 2, ikatulia, ikapepesa 1, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni kule kwenye eksozi. 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya throto, ule mlango wa hewa ya injini. Hesabu mara mbili mbili, andika, zima gari ndo utoe waya. Na tafadhali sana tundu la 16, la mwisho kabisa safu ya chini, lina umeme wa betri muda wote, ukiligusisha na la 4 unaunguza fyuzi kama una bahati. Saa ingine soketi imefungwa kichwa chini miguu juu, ndo maana nasema anza kwa kuangalia upande mpana.

Kodi haikwambii kitu gani ununue. Inakwambia wapi pa kuanza kupima tu. Hapa ndo hela nyingi zinapotea.

Chukua kumisi, ndo ugonjwa unaoulizwa kuliko yote. Gari inatetemeka sailensi, eksozi inatoa mlio wa kukatakata, kilimani haina nguvu. Koili ziko 4, kila plagi na yake, namba 1 ni ile ya upande wa mkanda wa feni. Toa lile kava la plastiki la juu. Zima gari, chomoa soketi ya koili namba 1, washa usikilize, zima, rudisha, nenda namba 2, hivyo hivyo mpaka 4, na usiiache inaunguruma muda mrefu maana petroli isiyoungua inaenda kuchoma masega, kile kichujio cha moshi kwenye eksozi. Ukichomoa na gari ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na gari haijali kabisa, umempata mtoro. Sasa usinunue kitu bado! Fungua bolti ya koili hiyo kwa soketi namba 10, ihamishie silinda ya jirani, ya jirani ilete hapa. Utoro ukihama na koili, koili imekufa, nunua MOJA. Ukibaki palepale, hamisha plagi nazo kwa mtindo huohuo. Ukibaki bado palepale ndo uanze kuwaza nozo na kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kazi yote hii unaifanya mwenyewe kwenye kivuli cha mwembe na haina gharama, ilhali kuna gereji wanakuuzia koili zote 4 kwa pamoja eti "zinabadilishwa seti".

Ukiwa umetoa koili mulika tochi ndani ya shimo la plagi. Ukikuta oili imetuama mle, na mpira wa koili umelowa, gaskiti ya kava ya juu ya injini imechoka, na ukiweka koili mpya bila kuitengeneza hiyo nayo itaanza kumisi baada ya muda. Namba ya koili ya Toyota kwa injini hizi ni 90919-02240, ipeleke dukani imeandikwa kwenye karatasi usiende kusema "nipe koili ya IST". Na koili feki zenye jina la Denso zimejaa, kwa hiyo nenda na ile iliyotoka kwenye gari ulinganishe maandishi na soketi. Mimi kwa koili bora used halisi iliyotoka Japani kuliko mpya ya boksi linalong'aa, wapo watakaobisha, sawa.

Kama kidude chako kimekubali na kimekupa P0171, yaani hewa ni nyingi kuliko mafuta, watu watakwambia badili sensa ya oksijeni. Haraka ya nini? Sensa ndo iliyokupa taarifa. Angalia kwenye simu zile asilimia za marekebisho ya mafuta. Zikiwa juu gari ikiwa sailensi halafu zinashuka ukikanyaga mpaka kwenye mzunguko wa 2500 hivi, kuna hewa inaibiwa mahali, kagua bomba la kutoka ea klina kwenda kwenye throto, linapasuka kwenye yale makunyanzi na ufa hauonekani mpaka ulipinde kwa mkono. Zikipanda kadri unavyokanyaga, waza mafuta hayafiki vizuri, pampu au chujio, au sensa ya hewa imechafuka. Sensa ya hewa inasafishwa kwa dawa yake maalum, ile ya kuoshea kabureta usiipige hapo. Hiyo ya kabureta iache kwa ajili ya kufuta weusi kwenye throto, ambao mara nyingi ndo unafanya gari izime ukisimama kwenye taa.

Kwenye joto nina ugomvi wangu na mafundi wengi. "Hii nchi ya joto, themostati haina kazi, tutoe." Jamani. Themostati ya injini hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na injini imetengenezwa ifanye kazi katika joto hilo, iwe Dar au Hokkaido kwenye baridi ya Japani. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, unalalamika IST inakunywa kama Land Cruiser. Kama unaishuku ipime, itumbukize kwenye sufuria ya maji uweke jikoni (sufuria ya zamani, usitafute kesi nyumbani), maji yakikaribia kuchemka lazima uione imefunguka, ikipoa ijifunge. Ikigoma, nunua nyingine. Gari ikichemsha anza na vya bei rahisi: mfuniko wa rejeta, raba yake ikikakamaa haishiki presha. Halafu feni, washa AC gari ikiwa imesimama, isipozunguka angalia fyuzi na relei kabla hujasikia habari za gaskiti ya silinda hedi. Maji ya bomba kwenye rejeta ni kutu tu, weka koolanti. Na kama gari yako haina mshale wa joto, ina taa ya bluu na nyekundu tu, basi nyekundu ikiwaka paki hapohapo, hata kama umebakiza nyumba tatu. Mfuniko usiufungue wa moto.

Oili. Kiwango ni lita 3.7 ukibadili na filta, galoni linalouzwa ni lita 4, na fundi anapenda kulimaliza. Mwambie aache, pima kwa kijiti. Weka 5W-30, na kama injini imeshaanza kula oili wenzetu wengi wanahamia 10W-30 au 10W-40, hiyo naielewa, ila ile nzito ya 20W-50 kwenye injini yenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu, siiungi mkono, njia za oili kule juu ni nyembamba. Inakula oili kiasi gani? Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, ukitembea 1000 upime tena gari ikiwa sehemu tambarare, hapo una jibu la kuwapa watu badala ya "inakula sana". Moshi wa bluu asubuhi unapowasha halafu unaisha, waza sili za valvu. Moshi unaotoka ukikanyaga, waza ringi. Kabla ya yote toa ile valvu ndogo ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini) kwenye kava ya injini uitikise, inatakiwa ilie tik tik, ikiwa kimya imeziba na inaweza kuwa ndo mla oili wenyewe. Kifaa kidogo hicho, na watu wanafungua injini nzima bila kukigusa.

Chini ya gari sina maneno mengi. Kugonga gongo gongo kwenye mashimo madogo, mara nyingi ni stabilaiza linki, shika kwa mkono uitikise. Kulia ka-ka-ka ukikata kona yote ni CV joint, kiungo cha mhimili unaozungusha tairi. Mvumo unaopanda na spidi ni beringi ya tairi.

Giaboksi ndo pa kuwa makini na ushauri wa bure. IST hizi zina otomatiki ya gia 4 na inatumia ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, ya aina ya T-IV, mtu akikwambia "ATF zote sawa tu" mshukuru halafu usimsikilize. Wenye CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, kwenye gari nyingine za Toyota wana oili yao tofauti kabisa, kwa hiyo muulize kwanza ana gari gani. Kupima, gari iwe imeshatembea imepata moto, iko tambarare, inaunguruma, pitisha gia zote taratibu kutoka P mpaka chini urudi P, ndo uchomoe kijiti usome upande ulioandikwa HOT. Dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu au kahawia ya chai uko salama, imwage kiasi kinachotoka kwenye bolti ya chini ujaze hichohicho, rudia baada ya wiki kadhaa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, na gia zinaingia kwa kishindo, mtafute mwenye IST aliyeshawahi kufungua giaboksi akupe fundi wake, kabla hujaruhusu mtu yeyote aifulashe yote kwa mashine.