Kuzunguka bonde kwa juu ukitokea Dar, jipange hivi

Jumatatu nikifika kazini nachechemea watu wanauliza ulikuwa wapi, nikisema nilizunguka bonde Uluguru wanadhani nilipanda mlima nikashuka basi. Hapana. Unapanda upande mmoja wa bonde, ukifika juu unaufuata mgongo wa mlima, bonde lote lipo chini yako na vijumba vyake na moshi wa jikoni, unatokea ng'ambo ndo unashuka, unarudi pale pale ulipoanzia bila kukanyaga njia moja mara mbili. Tamu sana. Na balaa lake liko hapo hapo, ntalifikia.

Kwa sisi wa Dar pa kuanzia ni Morogoro. Toka SGR ianze 2024 ni chini ya saa mbili, Ijumaa ukitoka kazini unapanda treni, stesheni ipo nje ya mji kidogo so chukua boda mpaka gesti, kula, lala. Usije na ile ya kutoka Dar Jumamosi asubuhi ukapande siku hiyo hiyo, utaanza saa nne jua lishakolea na siku imeshaharibika. Uluguru ni hifadhi ipo chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kibali malizana nacho mjini, lipa kwa kontroo namba ubaki na risiti. Halafu chukua mwongozaji wa pale pale, yani mtu ambaye mama yake analima huko juu. Vijia vya Waluguru vinagawanyika kila ukimaliza shamba la migomba, kimoja kinaenda kijijini, kingine kinaishia kwenye choo cha watu, mi nishafika. Ukikutana na wazee shikamoo kwanza, njia utauliza baadae.

Sasa muda. Morogoro mjini ipo kama mita 500 toka usawa wa bahari, Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, ipo kama 1,300, na vilele kama Bondwa na Lupanga vinapita 2,000. Kuna Mskoti anaitwa Naismith, mwaka 1892 aliweka hesabu ambayo mpaka leo watu wanaitumia: kila kilomita 5 ni saa moja, kisha kila mita 600 za kupanda ongeza saa nyingine. So kufika Morningside tu, kile kimlima peke yake kinakula saa moja na dakika 20 juu ya muda wa kutembea. Na huyo Mskoti hakukaa kwenye foleni ya Mbagala wiki nzima, sisi zidisha mara moja na nusu.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo saa utapishana na kina mama wanashusha mboga na ndizi sokoni, matenga kichwani, miguuni ndala, wanateremka wanapiga stori na wewe uko na raba ya laki unahema.

Balaa sasa. Njia ya kwenda na kurudi ukichoka unageuka, ulikotoka unapajua. Ukizunguka, ukishapita nusu kugeuka hakukusaidii tena, mbele mbali nyuma mbali, na mgongoni hamna pa kuchepuka, kushoto korongo kulia korongo. Kwahiyo kabla hujatoka gesti kubalianeni, ikifika saa sita mchana nusu hatujaifikia tunarudi tulikotoka, hamna mjadala. Mwaka jana tulikuwa sita, saa sita ikafika nusu bado, mi mwenyewe ndo nikasema aah si tumalizie tu tushapanda. Saa nane ukungu umeshuka, mwenzio yuko hatua kumi mbele humuoni unasikia anakohoa tu. Tulishuka na tochi za simu, ya kwangu ilibaki asilimia 6, tumetokea barabarani saa tatu usiku. Tochi ya kichwani beba, na filimbi: ukipotea puliza mara sita ndani ya dakika moja, subiri dakika, rudia.

Upande mkali upandie, mteremko wa taratibu ushukie. Ukigeuza, magoti yatakusimulia wiki nzima.

Maji lita 3 kila mtu, juu hamna, mito yote ipo chini bondeni. Inachekesha kidogo, maji ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka Ruvu na Ruvu inaanzia milima hiyo hiyo, yani umesimama juu ya bomba la kwenu na koo limekauka. Msosi beba chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga. Biskuti zinakausha mdomo.

Nenda kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Masika achana nako, ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Ukisikia radi uko juu, shuka mgongoni kwanza, picha utapiga siku nyingine.

Mazoezi: kukimbia daraja la Tanzanite ni pumzi tu, vigimbi vinataka ngazi. Tafuta ghorofa, panda na kushuka nusu saa mara tatu kwa wiki, mwezi mzima, ukiwa na begi lenye maji.

Na kucha za miguu kata siku mbili kabla. Kwenye kushuka kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu kila hatua, ya kwangu ya kulia iligeuka nyeusi, ikang'oka yenyewe mwezi wa kumi nikiwa bafuni.