Jua, Mwezi na Nyota Katika Vichupa vya Mililita 10

Ukitengeneza manukato haya matatu ya kujipaka (Jua, Mwezi na Nyota) kwa baridi ya Mbeya, usiyachanganyie kwenye mafuta ya nazi. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ikifika Juni kigololi cha kichupa, kile kinachopaka mafuta kwenye ngozi, hakizunguki. Tumia ya parachichi yaliyosafishwa (yale ya kijani yana harufu yake) au ya lozi. Alizeti ya kukamua ya Iringa iache jikoni, maana harufu yake haijifichi na ikikaa inachacha.

Tafuta vichupa vitatu vya kioo cha kahawia vyenye kigololi, bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, na mafuta halisi ya harufu ya mimea (sandali, iliki na mengine hapa chini). Matone 20 ya mafuta hayo ya harufu ni karibu mililita 1, yaani asilimia 10 ya kichupa. Usizidishe hapo. Kichupa kiwe kikavu kabisa, kwani maji kidogo tu yanaleta ukungu.

Jua: chungwa tamu matone 10, iliki 4, sandali 3, ubani 2, mchaichai 1. Chungwa huruka haraka, kwa hiyo sandali na ubani ndivyo vinavyolishikilia. Usiweke mafuta ya ganda la limao ya kukamuliwa badala ya chungwa. Yana kemikali ambazo ngozi ikipigwa na jua huunguza na kuacha madoa, na jua la milimani ni kali hata siku ya baridi.

Mwezi: sandali 9, lavenda 5, ubani 3, yasmini 1. Yasmini ni ua linalonukia zaidi usiku, lakini mafuta yake ni mazito: tone la pili linafunika vyote na linaweza kuwasha ngozi. Sandali ikikushinda bei, weka mwerezi matone 6.

Nyota ndiyo ngumu kuliko zote. Unataka giza lenye vimulimuli, si mwanga uliotapakaa. Pachuli (jani lenye harufu nzito ya udongo) 6 na ubani 5 ndiyo giza. Juu yake iliki 3, karafuu 1, mkaratusi 1. Karafuu ikizidi inachoma. Mkaratusi ukizidi, umetengeneza dawa ya mafua.

Anza na mafuta mazito. Sandali ikigoma kudondoka, simamisha chupa yake kwenye maji ya vuguvugu dakika chache. Jaza mafuta ya parachichi, funga, viringisha kati ya viganja, kisha weka kabatini wiki mbili. Siku ya kwanza iliki hupiga kelele, basi usikimbilie kurekebisha.

Jaribu shingoni, si kwenye karatasi wala mkononi: ngozi baridi ya mkono huchelewesha harufu, ukadhani mchanganyiko ni hafifu ukaongeza matone bure. Nusa baada ya dakika 5, saa 1, kisha saa 4. Harufu ya Jua ikiisha kabla ya saa 1 kupita, punguza chungwa matone 2 uongeze sandali 2.

Kichupa cha Jua usikiweke dirishani. Chungwa lililopigwa na mwanga na hewa huharibika na kuwasha ngozi. Kitumie ndani ya miezi 6.